Ndevu za Mzee Murakoshi

Mwaka ule theluji iliwahi. Novemba haijafika nusu, na tayari Isono Kinue alikuwa anatoka kila asubuhi na koleo kuuchimbua mlango wa saluni yake. Akichota mara kumi, anasimama, anashika kiuno, anapumua. Akichota tano nyingine, anasimama tena. Mimi nilikuwa namwona kutoka dirishani, maana nina duka la kufua na kupiga pasi nyumba ya tatu kutoka kwake, na kwa miaka thelathini na minne tumekuwa tukiamkiana kabla hatujanywa chai.

"Leo imetukomoa, Bi Kinue!" nilimwambia asubuhi moja.

"Ingekuwa inanikomoa ningefurahi," akanijibu. "Kukomoana kunataka watu wawili. Hii inaanguka tu."

Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Mtu mfupi, mkavu, nywele zake nyeupe alizikata mwenyewe mbele ya kioo, fupi kama za mwanafunzi wa kiume. Saluni ile ilikuwa ya mumewe, Yoshitaka, aliyekufa kwa maradhi ya moyo miaka ishirini na sita nyuma. Kinue naye alikuwa kinyozi kamili mwenye cheti, kwa hiyo alifunga siku saba za msiba, akafungua. Zamani viti vitatu vilikuwa havipoi. Sasa akipata wateja watatu kwa siku anashukuru. Vijana wamekwenda Sendai na Tokyo, wazee wanakwenda makaburini.

"Mtaa huu una kinyozi mmoja na vichwa ishirini," alikuwa akisema, "na nusu ya vichwa vyenyewe havina nywele."

Binti yake, Chizuru, yuko Sendai na mume na watoto wawili. Kila Jumapili hupiga simu. "Mama, chumba kipo, kina dirisha la jua. Unangoja nini huko?" Kwa miaka miwili Kinue alikuwa akijibu, "Mwakani." Novemba hiyo akasema, "Haya. Nitafunga mwaka ukiisha." Chizuru akamwuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Aliniambia habari hiyo mwenyewe, amesimama dukani kwangu na furushi la taulo za kufuliwa.

"Nimechoka, Wakako. Na si magoti. Magoti yananiuma tangu binti yangu hajaolewa. Nimechoka kuamka. Nafumbua macho, naiangalia dari, natafuta sababu ya kushusha mguu chini. Siioni."

Wiki hiyohiyo alipita binti mmoja wa ofisi ya mji, anayezungukia wazee waliovuka sabini na fomu yake. Nilikuwa nimepeleka taulo kwa Kinue, nikayasikia yote. Unalala vizuri? Unakula mara ngapi? Una mtu wa kuzungumza naye? Kinue akajibu moja moja bila kuacha kunoa mkasi. Ndipo binti akafika kwenye swali la mwisho: je, una ikigai?

Kwetu neno hilo si jambo kubwa. Halina hekalu wala mwalimu. Ni kile kitu kinachomfanya mtu atupe blanketi pembeni asubuhi na aseme, ngoja niinuke. Kwa huyu ni wajukuu, kwa yule ni figili zake bustanini, kwa mwingine ni kikombe kimoja cha pombe ya moto jioni.

"Andika hakuna," alisema Kinue.

"Hata kidogo, bibi? Kuna wanaoandika paka."

"Sina paka."

"Maua?"

"Mwanangu, hebu tazama nje."

Binti akatazama nje. Theluji ilikuwa imefika kwenye kingo za dirisha. "Sasa niandike nini?"

"Andika kulala."

Binti akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaifunga fomu taratibu, akainama, akaaga.

Sasa lazima niwaeleze habari za Murakoshi Eikichi, kwa sababu bila yeye hakuna kisa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wa Kinue, kulikuwa na saluni nyingine. Ya Mzee Murakoshi. Mtu mrefu, shingo ndefu kama korongo, hodari kupita vinyozi wote wa bonde letu, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Yeye na Yoshitaka walishindana kiungwana: wakikutana wanainamiana, mwaka mpya wanapelekeana keki za mchele. Yoshitaka alipokufa, Eikichi alikuja msibani, akachoma ubani, akalia. Lakini mwezi haujaisha, mbele ya wateja wanne, akasema, "Basi mtaa umebaki na kinyozi mmoja. Kule ng'ambo amebaki mwosha taulo."

Mtaani kwetu neno halikai mahali lilipotemwa. Jioni lilikuwa limeshamfikia Kinue. Kesho yake alifungua saluni saa moja na nusu, nusu saa kabla ya Eikichi. Na kesho kutwa vilevile. Kwa miaka ishirini na minne hakumwamkia, wala Eikichi hakumwamkia yeye, ingawa kila asubuhi kila mmoja alikuwa akifagia upande wake wa barabara, na fagio zao zikikaribia kugusana katikati. Wanaume wa mtaa waligawanyika kama timu za mpira. Ukinyolewa kwa Kinue, huendi kwa Eikichi mpaka ufe.

Halafu, miaka miwili kabla ya theluji ile ninayoisimulia, Eikichi alipigwa na kiharusi akiwa anachemsha maji. Upande wa kulia ukafa. Mkewe, Sadayo, alishusha pazia la saluni, na halikupanda tena. Kinue alibaki peke yake na barabara nzima. Ungedhani angefurahi. Mimi nilimwona mwezi ule akifungua saa mbili. Mwezi uliofuata, saa mbili na nusu.

Jumatatu ni siku ya mapumziko kwa vinyozi. Jumatatu ya mwisho ya Novemba, mchana, Sadayo alivuka barabara. Alibeba figili zilizokaushwa kwa moshi, alizozichachusha mwenyewe, zimefungwa kitambaa. Alipofika mlangoni aliinama mpaka kofia ikaanguka.

"Dada Kinue, nisamehe. Nimekuja kuomba jambo lisiloombeka."

Kinue hakumkaribisha ndani, lakini hakufunga mlango.

"Ni nywele zake," Sadayo akasema. "Zimefika mabegani. Ndevu zinaingia mdomoni akila. Yule bwana wa huduma ya wagonjwa alikuja na mashine ya umeme, akaipitisha kama anafyeka majani. Mzee akamtemea chai usoni. Hatarudi tena. Nikamwambia, sasa nani atakunyoa? Akakaa siku tatu bila kusema. Jana akasema..." Akasita.

"Akasema nini?"

"Akasema, afadhali yule mwosha taulo."

Sadayo anasema alitegemea kufungiwa mlango usoni. Kinue alisimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, shavu likimcheza.

"Mwambie nitakuja saa tisa," akasema. "Na maji yachemke kweli, si ya uvuguvugu."

Nilimuuliza baadaye kama aliingiwa na huruma. "Huruma gani?" akanijibu. "Nilitaka kumwona amelala chini. Miaka yote hiyo nilikuwa namwangalia kwa kuinua shingo." Kinue hakuwa mtu wa kujipamba.

Kinue alimkuta Eikichi amelala kwenye kitanda cha wagonjwa, kile kinachoinuka kwa umeme, katikati ya chumba cha mikeka ambako zamani walikuwa wakipokelea wageni. Alikuwa amebaki shingo na macho. Maneno yalitoka polepole, yakichechemea, lakini sumu yake ilikuwa palepale.

"Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kukunyoa. Kukucheka nitakucheka nikifika nyumbani, kwa nafasi yangu."

"Gazeti moja halitoshi. Nywele zitaingia kwenye mkeka."

"Kutandika magazeti nilianza wewe ukiwa bado unakata watu masikio."

"Ulikuwa unaosha taulo."

Sadayo, aliyekuwa amesimama na sufuria ya maji moto, alifumba macho. Kinue aliuweka mfuko wake chini. Anasema mguu mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni. Kisha akaziona ndevu zile: za manjano, zimegandana na uji, na chini yake ngozi ya shingo imekuwa nyekundu kwa kujikuna na mkono mmoja. Kinyozi akiona shingo kama ile hana uhuru tena.

"Nyamaza," alisema. "Mtu akizungumza namkata."

Alikata nywele kwanza. Eikichi hakuweza kuona chochote, kwa hiyo alisikiliza.

"Mkasi wako unapiga chafya."

"Nini?"

"Unapiga chafya. Ukifunga unasema *chih*. Una kutu kwenye kiungo."

"Kutu iko masikioni mwako."

Kisha taulo la moto, likafunika uso mzima isipokuwa pua. Alilishika hapo kwa viganja viwili mpaka ngozi ikalainika. Povu. Wembe. Alianza shavu la kushoto, lile lililo hai, akaenda la kulia, lile lililokufa, ambalo ilibidi alivute kwa vidole kwa sababu halikujishika lenyewe. Alipofika chini ya kidevu aligundua kuwa pumzi ya yule mtu imebadilika. Eikichi alikuwa amelala usingizi.

Kwa kinyozi hakuna sifa ya kuipita hiyo. Mtu akikulalia huku wembe uko kooni pake, amekuamini kuliko anavyomwamini daktari. Na kila mmoja wa wawili hao aliijua sheria hiyo. Kinue alimaliza, akamfuta, akaketi kando ya kitanda robo saa nzima mikono mapajani, kwa sababu aliona vibaya kumwamsha.

Eikichi alipozinduka Sadayo alimwekea kioo. Akajitazama, kisha akajipapasa kisogo kwa mkono ulio hai.

"Kisogoni umeacha ngazi, nywele hazijalingana," alisema.

"Nitairekebisha Jumatatu," Kinue akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Alipita kwangu akirudi, theluji mabegani. "Ana roho mbaya kama zamani," aliniambia. "Haikupungua hata tone." Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwa amekikalia kwa miaka miwili, akanieleza yote toka mwanzo hadi mwisho, nami pasi yangu ikapoa. Nyumbani, baadaye, aliufungua ule mkasi. Kulikuwa na doa la kutu kwenye kiungo, dogo kama mbegu ya ufuta. Alikasirika mpaka akasahau kula.

Kwa hiyo akaenda Jumatatu. Na Jumatatu iliyofuata. Nywele hazikui upesi namna hiyo, lakini ndevu hukua, na ndevu za Mzee Murakoshi zilikuwa na bidii kuliko mwenyewe. Mtaa ukajua. Wanaume wa timu ya Kinue wakanuna, wa timu ya Eikichi wakacheka.

Msije mkadhani kwamba alikuwa mtu mpya. Alichoka zaidi. Siku sita saluni, na siku ya saba, badala ya kulala, kuvuka barabara yenye barafu na mfuko wa vyombo, kuinama juu ya kitanda saa nzima na nusu. Jumanne alikuwa hawezi kuinua mkono kufungua pazia. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba miaka mitatu hivi nyuma. Alikificha kwa kuvaa mikono mirefu.

Eikichi alikisikia. Sijui kwa namna gani, labda kwa uzito wa wembe.

"Mkono unakuuma," alisema siku moja ya Desemba.

"Hauniumi."

"Unanyoa kwa kifundo. Mimi kifundo kilinifia nikiwa na sitini. Nilinyoa miaka kumi na tisa zaidi, na hakuna aliyejua. Hata huyu." Alimwonyesha Sadayo kwa macho. "Funga kifundo. Toa mwendo kwenye kiwiko. Kidole kidogo kiweke juu ya mkia wa wembe, si chini."

"Nimeshika wembe miaka hamsini, sasa nifundishwe na mtu asiyeweza kushika kijiko?"

"Ndiyo," alisema Eikichi.

Kinue alinunua maputo. Wanafunzi wa kinyozi ndivyo wanavyojifunzia: unalipuliza puto, unalipaka povu, unalinyoa, ukikosea linapasuka. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata nilisikia mlipuko nyumba ya tatu, kisha wa pili, kisha wa tatu, nikakimbia nikidhani jiko la mafuta limelipuka. Nikamkuta mama wa miaka sabini na mitatu amekaa kwenye kiti cha wateja, povu kwenye nyusi, puto jekundu magotini.

"Funga mlango, baridi inaingia," aliniambia. "Na usimwambie mtu."

La saba halikupasuka.

Nadhani ilikuwa Jumatatu hiyo ndipo mazungumzo yao yalipofika mahali pengine. Sadayo alikuwa jikoni, na ukuta wa nyumba zetu ni karatasi, kwa hiyo alisikia.

"Unajua," Kinue alisema, akimpaka povu, "mimi nilikuwa naamka kwa ajili yako."

"Mimi?"

"Kufungua kabla yako. Kila siku. Nilikuwa nafumbua macho, nasema, yule mbwa hajaamka bado, nikaruka. Ulipoanguka, nikakosa kazi ya kufanya kitandani ila kulala."

Eikichi aligeuza macho kwake. "Nilijua. Mwaka wa kwanza nilijaribu kufungua saa moja na nusu. Wewe ukafungua saa moja na robo. Nikafungua saa moja. Wewe ukafungua saa moja kasorobo. Nikamwambia Sadayo, yule mwanamke ataniua kwa usingizi. Nikarudi saa mbili."

Sadayo anasema hapo ndipo alipomsikia Kinue akicheka, sauti ambayo hakuwa akiijua.

"Lile neno," Eikichi akasema.

"Wacha."

"Nisikilize, maneno yenyewe yananitoka kwa shida. Nilidhani Yoshitaka akifa, wateja wake watavuka barabara. Nikanunua kiti cha nne. Hawakuvuka. Hata mmoja. Wakaendelea kukaa kwako kana kwamba hakuna aliyekufa. Niliogopa, Fundi. Mtu akiogopa hutukana."

Kwetu fundi humwita hivyo fundi mwenzake tu, si mtu mwingine yeyote. Kinue aliufuta wembe, akaukunja, akaufungua tena.

"Inua kidevu," alisema.

Tarehe ishirini na tisa Desemba Chizuru alifika na gari la kukodi na maboksi kumi na mawili ya kuhamia. Alikuta viti havijafunikwa, na kalenda ya mwaka mpya imetundikwa ukutani, kila Jumatatu imezungushiwa duara. Nilikuwepo, nimeleta mashuka. Nilitaka kuondoka lakini walikuwa wamesimama mlangoni.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini Jumatatu siwezi."

"Jumatatu ipi?"

"Zote."

Chizuru alimwangalia. Ni mtu mpole, lakini alikuwa ameendesha gari kwa saa tano kwenye barafu. "Nimehamisha watoto chumba kimoja. Wanagombana kila siku. Nimemwambia mama mkwe wangu asije sikukuu. Kwa ajili yako. Na wewe unabaki huku kwa ajili ya yule? Mtu ambaye nikiwa mdogo ulinikataza hata kukanyaga kivuli chake?"

"Ndevu zake zinaota," Kinue alisema.

"Ndevu!"

"Sina maneno mengine, Chizuru. Ningekuwa nayo ningekupa."

Chizuru alikaa kwenye boksi tupu akalia, si kwa hasira, kwa uchovu tu, kama mtu aliyeshusha mzigo akaambiwa aubebe tena. Mama yake alimletea chai. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akamwosha nywele. Alimlaza kwenye kiti cha kati, akamwosha kwa maji ya moto, akamkanda kichwa mpaka mtoto akanyamaza. Siku ya pili gari lilirudi Sendai na maboksi yake matupu.

Februari Eikichi aliugua kichomi. Wakampeleka hospitali, wakamrudisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania kurudi. Jumatatu mbili za mwisho hakuzungumza. Kinue alimnyoa kimya, akamsimulia mambo ya mtaa, nani amevunja mguu, nani paa lake limebomoka kwa theluji. Alisema ilikuwa tabu kubwa kwake kuliko matusi.

Alifariki katikati ya Machi, alfajiri. Sadayo hakumpigia daktari kwanza, alimpigia Kinue. Watu wa maziko walipofika na sanduku lao la vyombo, wakasema kumnyoa marehemu ni sehemu ya kazi yao, Sadayo akawaambia wakae wanywe chai.

Kumnyoa maiti ni kazi ngumu. Ngozi ya mtu aliye hai hujibu wembe. Huuinua kidogo, husaidia. Ile haikusaidia. Kinue alifunga kifundo, akatoa mwendo kwenye kiwiko, kidole kidogo juu ya mkia. Alichukua saa nzima. Kisogoni alirudia mara tatu. Alipomaliza alimwambia Sadayo alete kioo, kisha akakumbuka, akasema, "Basi."

Baada ya mazishi alilala. Sisemi kwa mafumbo. Alilala siku baada ya siku. Pazia la saluni halikufunguka. Nilimpelekea supu ya maharage ya soya na wali, nikaikuta kesho yake imeganda. "Acha, Wakako," alisema, uso umeelekea ukutani. "Nimeshalipa." Sikujua amelipa nini. Chizuru alikuja mara ya pili, safari hii bila maboksi, akamfungia begi moja, akampeleka. Kinue hakubisha. Mwanzoni mwa Aprili, theluji inayeyuka na barabara imejaa matope, aliketi kiti cha mbele cha gari na hakugeuza kichwa.

Alikaa Sendai karibu mwezi mzima. Jua lilikuwepo kweli dirishani. Wajukuu walikuwa wema. Alikuwa anaamka saa nne, anakunywa chai, anaangalia televisheni na sauti imezimwa. Mkwe alisema mama ametulia. Chizuru alijua utulivu huo si wa kheri.

Siku ya arobaini na tisa ya Mzee Murakoshi ilifika mwanzoni mwa Mei, siku ambayo kwetu roho ya marehemu huagwa rasmi. Kinue alirudi kwa basi kuhudhuria, akiwa na tikiti ya kurudi kesho yake. Tulikaa chumbani kwa Sadayo, mtawa akasoma sala, tukachoma ubani mmoja mmoja. Na pale, akiwa amepiga magoti nyuma ya watu, Kinue akawa anaziona shingo zao.

Alinisogelea sikioni. "Wamefanya nini hawa?"

"Nani?"

"Vichwa hivi. Angalia Tsukidate. Anafanana na ufagio."

"Tangu ufunge hakuna wa kuwanyoa. Mji wa pili ni mbali, basi ni mara mbili kwa siku."

Wakati wa chakula, mke wa Kumagai mshona mikeka alisogea na trei yake, akaiweka chini, akainama. Mumewe alikuwa kitandani toka mwaka jana kwa maradhi ya mgongo. Hakusema mengi. "Bi Kinue, najua umeshahama. Lakini uko hapa leo..."

"Vyombo vyangu viko Sendai."

"Vya mzee vipo," alisema Sadayo kutoka ng'ambo ya meza, mdomo bado una wali. "Vimekaa tu."

Kinue alishusha pumzi ndefu, ya mtu anayeombwa kupanda tena ngazi ambazo ameshuka sasa hivi. Alimnyoa Kumagai jioni hiyo. Kesho yake, Tsukidate, kwa sababu alisema hawezi kupanda basi moja na kichwa kile. Tikiti ikapita muda. Alimpigia Chizuru, akasema keshokutwa. Keshokutwa akasema Ijumaa. Ijumaa Chizuru mwenyewe alicheka kwenye simu, akasema, "Mama, niambie tu."

Saluni haikufunguliwa tena. Alivifunika viti, akaing'oa mlangoni ile nguzo ya rangi tatu ambayo ni alama ya vinyozi, kwa sababu magoti yake hayawezi kusimama kutwa nzima, na alilikubali hilo bila aibu. Badala yake huzunguka nyumba za wasioweza kutoka, siku nne kwa wiki, nyumba mbili kwa siku, hazidi. Wiki moja kila mwezi huwa Sendai, ambako humnyoa mkwewe apende asipende. Chizuru bado hana raha. Anaogopa majira ya theluji, anaogopa ngazi, na ana haki ya kuogopa.

Oktoba iliyopita kifundo kilimzidi, nikamsindikiza kumbebea mfuko. Tulikwenda juu kilimani kwa Bi Tsugi, mwenye miaka tisini na sita, ambaye alitaka kunyolewa uso. Kwetu wanawake hunyolewa vinyweleo vya uso kabla ya harusi. Nilimuuliza Bi Tsugi kuna sherehe gani.

"Hakuna," alisema. "Ni Alhamisi."

Kinue alimpaka povu jembamba, akamvuta ngozi ya shavu, mikunjo ikafunguka mmoja mmoja kama barua ya zamani. Ilichukua muda. Alipomaliza, Bi Tsugi alijipapasa kwa kiganja, shavu hili, shavu lile, akaendelea kujipapasa.

"Kumbe bado nina uso," alisema.

"Unao. Ulikuwa umejificha."

"Utakuja lini tena?"

"Mwezi ujao, nikiwa hai."

"Na mimi nikiwa hai."

"Ndiyo, na wewe nawe ujitahidi," alisema Kinue, na wote wawili wakacheka mpaka Bi Tsugi akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni.

Kushuka kilima alisimama mara nne. Mara ya nne aliketi kwenye ukuta mdogo kando ya njia, mikono imelegea pajani, uso kama majivu.

"Umechoka," nilimwambia.

"Nimechoka sana," alisema. "Kesho kuna Kumagai, na yule bwana hanyamazi."

Chini yetu gari la viazi vitamu vya kuchoma lilikuwa linapita polepole na wimbo wake. Nilikimbia, nikanunua kimoja kikubwa, nikarudi nacho kinaniunguza viganja. Nikakivunja katikati, mvuke ukatoka. Nusu yake aliimaliza na ganda lake, akanyoosha mkono akaniomba na ya kwangu.